Mzunguko wa Farasi na Mpaka wa Mbung'o

Matembezi ya mzunguko kwa farasi ni safari fupi ya mashambani au porini inayoanzia zizini na kuishia zizini, bila mpandaji kurudi kwa njia aliyoendea. Huchukua saa moja hadi tatu. Farasi anayekwenda hatua za kawaida hukata kilomita 6 au 7 kwa saa, kwa hiyo mzunguko wa saa mbili ni kilomita 12 hivi, zikiongezeka kidogo pale njia inaporuhusu kukimbia. Hayana undugu na mbio za uwanjani, ambako farasi hushindana kwa dakika mbili huku watu wamewawekea fedha. Hapa farasi hufuatana kwa msururu, kiongozi mbele, msaidizi wake akifunga mkia, na kinachotafutwa ni kuitazama nchi kutoka juu ya mgongo wa mnyama anayejua anakokanyaga.

Umbo la mzunguko si pambo. Farasi ana kumbukumbu kali ya njia na analipenda zizi lake: huko kuna majani, maji na wenzake. Akipelekwa kilomita 5 kisha akageuzwa papo hapo, anatambua mara moja kwamba sasa anarudi nyumbani. Kuanzia hapo anavuta hatamu na kuongeza hatua, na mgeni aliyedhani anaongoza anagundua kuwa anapelekwa. Njia inayopinda polepole humficha mnyama habari hiyo karibu mpaka mwisho. Ardhi nayo hupumua, kwa sababu kwato hupita mahali pamoja mara moja badala ya mbili, na katika udongo wa mteremko tofauti hiyo huonekana wazi msimu wa mvua unapoisha.

Kapalata, pembeni mwa Kisangani, hujulikana zaidi kwa kambi yake ya jeshi. Anayetoka hapo kuelekea mashambani atakutana na karibu kila kitu ambacho mwanzilishi wa matembezi haya angekitamani: vijia vya udongo, mihogo, migomba, michikichi, vijito, na msitu unaosimama nyuma ya mashamba kama ukuta. Kinachokosekana ni farasi. Mfano mzuri wa shughuli hii upande wa mashariki uko Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, kiasi cha kilomita 650 kutoka Kisangani kwa mstari ulionyooka. Huko wageni hupanda farasi na kuzunguka kati ya pundamilia na pofu. Sababu ya farasi kuwa kule na kutokuwa huku si umaskini wala uzembe wa mtu. Ni inzi.

Inzi huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Yuko Afrika, kusini mwa Sahara, na eneo analolikalia hukadiriwa kufika kilomita za mraba milioni 10. Wako wa aina 30 hivi. Wengine hupenda vichaka vya nyika kavu, wengine msitu mzito, na wengine kingo za mito, ambako miti huinamia maji na kivuli hakikauki. Dume na jike wote hunyonya damu, na hunyonya mchana. Tofauti na inzi wa jikoni anayetaga mayai mamia, jike la mbung'o huzaa funza mmoja tu kwa mara moja, kila baada ya siku 9 au 10. Funza huyo hujichimbia udongoni, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa inzi kamili. Kwa uzazi wa namna hiyo ungetegemea wawe wachache na wanyonge, lakini hawa wachache wamezuia ufalme mzima wa wanyama wa kupandwa.

Mbung'o hubeba vijidudu viitwavyo tripanosoma. Baadhi yao humpa binadamu malale. Wengine huwapa mifugo ugonjwa uitwao nagana, jina lililotoka katika Kizulu. Ng'ombe akiugua nagana hukonda kwa miezi, na ziko jamii za ng'ombe wa Afrika Magharibi, kama N'Dama, zinazouvumilia. Farasi hana kinga hiyo. Homa humpanda na kumshuka, miguu na sehemu ya chini ya tumbo huvimba, fizi hupauka kwa kukosa damu. Anaendelea kula huku mbavu zikizidi kuhesabika. Baadaye miguu ya nyuma huanza kuyumba. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa. Aliyefumbua fumbo hili ni David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyepelekwa Zululand mwaka 1894 kuchunguza vifo vya mifugo. Alipiga kambi Ubombo, akakiona kijidudu katika damu ya wanyama wagonjwa na kuonyesha kuwa mbung'o ndiye mchukuzi. Kijidudu hicho sasa kina jina lake: *Trypanosoma brucei*.

Wenyeji na wafanyabiashara walilijua tokeo hilo zamani, hata kabla ya kuijua sababu yake kwa darubini. Falme kubwa za Saheli, kuanzia Mali hadi Kanem-Bornu, zilisimama juu ya migongo ya farasi, lakini nguvu za wapanda farasi hao zilififia kila walipokaribia misitu ya kusini. Oyo, ufalme wa Wayoruba uliokuwa na askari wa farasi karibu kabisa na msitu, ulilazimika kuendelea kununua farasi wapya kutoka kaskazini kwa kuwa waliokuwapo hawakuishi muda mrefu. Upande wa mashariki, misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Punda walikuwapo, wachache. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta msafiri na mmisionari Livingstone, alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa wiki za mwanzo, hata kabla ya msafara kuzoea mwendo. Livingstone mwenyewe, mwaka 1866, alishusha pwani ya kusini ya Tanzania ya leo ngamia, nyumbu, punda na nyati wa kufugwa kutoka India, mojawapo ya nia zake ikiwa kuona ni mnyama gani angeshinda mbung'o. Wanyama hao walikwisha njiani, baadhi kwa majeraha na kazi za kupita kiasi, kiasi kwamba jaribio lenyewe halikutoa jibu.

Swali hilo la mnyama wa kupandwa lilifika hadi msitu wa Kongo, na jibu lake moja ni la kushangaza. Mwaka 1879 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alituma tembo 4 wa India, wakashushwa ghuba ya Msasani, mahali ambapo sasa ni Dar es Salaam, ili watembee hadi Ziwa Tanganyika. Tembo walimvumilia mbung'o vizuri zaidi kuliko farasi, ila walikufa mmoja baada ya mwingine kwa uchovu na lishe mbaya. Baadaye wazo likageuka: badala ya kuleta tembo wa kigeni, wafugwe wa hapa hapa. Ofisa Mbelgiji, Jules Laplume, alianzisha kazi ya kukamata na kufunza tembo wadogo katika nchi ya Uele mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo chake cha Api baadaye kikahamia Gangala na Bodio, kando ya mto Dungu. Maeneo yote mawili yalikuwa katika Mkoa wa Mashariki ambao makao yake makuu yalikuwa Kisangani, kabla haujagawanywa mwaka 2015 kuwa Tshopo, Bas-Uele, Haut-Uele na Ituri. Tembo hao walivuta mikokoteni na kulima. Katika miaka ya 1980 watalii waliofika Hifadhi ya Garamba waliweza kupanda migongoni mwao na kuzunguka mbugani. Kwa hiyo katika mkoa huu matembezi juu ya mnyama yaliwahi kufanyika kweli. Mnyama tu ndiye aliyekuwa mwingine.

Msitu wa Kongo uliwahi hata kudhaniwa kuwa na farasi wake. Mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alipata vipande vya ngozi yenye milia kutoka msitu wa Ituri na kuvipeleka London. Wanazuoni walivitazama, wakakumbuka pundamilia, wakampa mnyama huyo jina la kisayansi la jamii ya farasi: *Equus johnstoni*. Mafuvu yalipofika mwaka 1901, kosa likaonekana. Alikuwa okapi, ndugu wa twiga, na kwato zake zimepasuka kati kama za ng'ombe, tofauti na kwato moja ya farasi. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wangeweza kuwaambia bila kusubiri mafuvu, kwani wao waliziona nyayo zake kila siku.

Tukirudi kwa farasi wa kweli, nchi ya Ziwa Mburo nayo ilikuwa ya mbung'o. Baada ya sotoka kuua ng'ombe na wanyama wa porini miaka ya 1890, vichaka vilirudi juu ya malisho ya Wahima wa Ankole, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 inzi walivifuata, wakitokea upande wa Karagwe na mto Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali iliamua kumnyima mbung'o vitu viwili anavyovihitaji, kivuli na damu. Vichaka vilikatwa. Wanyama wa porini walipigwa risasi kwa maelfu, wafugaji wakafukuzwa kwa muda kisha wakarudishwa. Ni mbinu ya kikatili, na leo hakuna mhifadhi ambaye angeitetea, lakini inzi alirudi nyuma. Eneo lilitangazwa pori la akiba mwaka 1963 na hifadhi ya taifa mwaka 1983. Wafugaji waliohamishwa hifadhi ilipoanzishwa walirejea baada ya mabadiliko ya utawala mwaka 1986, na hifadhi ikapunguzwa. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba ng'ombe wa pembe ndefu, pundamilia na farasi wa watalii wanakula majani ya bonde moja.

Mahali penyewe panafaa kwa mzunguko. Ni mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, jioni zake ni za baridi, na mvua yake ni haba ukilinganisha na ya Kisangani. Nchi imekunjwa vilima vya mviringo vyenye nyasi na migunga, na kati yake kuna mabonde ya majimaji yanayoshuka kwenye kundi la maziwa madogo. Tembo hawako. Simba walitoweka kwa miaka mingi na kuonekana kwao ni tukio la kusimuliwa. Ndiyo sababu inawezekana kumweka mgeni juu ya farasi bila kumweka mdomoni mwa simba. Nyati wapo, na viboko wapo ziwani, nao ndio wanaomfanya kiongozi asilale.

Mzunguko huanza kabla mgeni hajafika. Alfajiri saisi, yaani mtunza farasi, humfunga mnyama kamba mbele ya banda na kumpiga brashi mwili mzima. Usafi ni nusu tu ya kazi hiyo. Mkono unaopita mgongoni unatafuta kidonda au joto lisilo la kawaida, kwa maana mchanga kidogo chini ya tandiko, ukisuguliwa saa mbili na uzito wa mtu, huchubua ngozi. Kisha huinuliwa mguu mmoja mmoja. Kwa kijichuma chenye ncha iliyopinda saisi hukwangua tope na vijiwe vilivyonasa katika wayo, akiiepuka sehemu laini ya katikati, na hunusa: harufu ya uvundo ni dalili kwamba kwato imeanza kuoza kwa unyevu. Kwato hukua kama kucha, hivyo kila wiki 6 hadi 8 huchongwa na mtu anayejua, na kiatu cha chuma, kama farasi anavaa, hubadilishwa.

Tandiko huwekwa mbele kidogo ya mahali pake na kuvutwa nyuma ili manyoya yalale vizuri chini yake. Mshipi wa tandiko hufungwa mara mbili. Farasi wengi wana hila moja ambayo hakuna aliyewafundisha: wakihisi mshipi unakazwa huvuta pumzi na kutunisha kifua. Anayekaza mara moja na kuridhika ataona tandiko likizunguka na kwenda chini ya tumbo mara tu mgeni anapoweka mguu kwenye kikuku. Saisi mzoefu humtembeza farasi hatua chache, pumzi ikamtoka, kisha hukaza tena matundu mawili. Mwisho huingizwa lijamu mdomoni, katika pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, na hatamu hurushwa juu ya shingo.

Uzito wa mgeni huulizwa bila aibu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mnyama wa kilo 450 abebe basi kilo 90, na tandiko lenyewe limeshakula kilo 8 au 10 kati ya hizo. Mgeni huvaa kofia ngumu na viatu vyenye kisigino, ili mguu usipenye kikuku ukanasa. Hupanda kutoka upande wa kushoto. Mazoea hayo huelezwa kuwa yalitoka kwa askari waliofunga upanga kiunoni upande huo na hawakutaka uwazuie wanaporusha mguu. Panga zimekwisha, ila farasi wamefundishwa hivyo na wengi hushtuka wakipandwa kulia.

Dakika 20 za mwanzo ni za kutembea tu, ili misuli ipate joto. Nafasi kati ya farasi na farasi huwa urefu wa mnyama mmoja. Anayekaribia zaidi huomba teke. Njia hupanda kilima kwa kukata ubavu, mpandaji akiinamia mbele ili aondoe uzito viunoni mwa farasi, na wakati wa kushuka hukaa wima na kumwachia hatamu ndefu, kwa kuwa farasi hutumia shingo yake kama mtembea kamba anavyotumia fimbo. Kwenye tambarare kiongozi huinua mkono na msururu huongeza mwendo. Kiswahili cha pwani kina majina ya miendo hii tangu zamani, urithi wa punda na wa farasi wa Kiarabu: telki ni hatua ya haraka, matiti ni mwendo wa kudundadunda, shoti ni mbio kamili. Katika matiti miguu huinuka kwa jozi za mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, na mgeni asiyejua kuinuka na kukaa kwa kufuata mdundo huhesabu kila pingili ya uti wa mgongo wake.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi wanyama wa porini wasivyokimbia. Mtu anayetembea kwa miguu huwatia hofu pundamilia akiwa mbali. Juu ya farasi umbo la mtu huvunjika, miguu minne ndiyo inayoonekana, na harufu ya farasi hufunika ya mpandaji. Pundamilia huinua vichwa, hutazama, wakarudi kwenye majani. Hapo ndipo milia huonekana kwa karibu kiasi cha kutamani maelezo. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Tim Caro walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye zizi moja Uingereza: farasi waliovishwa majoho yenye milia walituliwa na inzi wachache sana kuliko walipovishwa majoho ya rangi moja. Inzi hukaribia, ila hushindwa kupunguza mwendo na kutua. Farasi wa kawaida hakuzaliwa na joho hilo.

Kiongozi, wakati huo, hatazami pundamilia. Anatazama masikio ya farasi wake. Farasi huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia, na husikia kabla ya mtu. Masikio yote mawili yakielekea kichaka kimoja na shingo ikakakamaa, msururu husimama. Inaweza kuwa kanga. Inaweza kuwa nyati dume aliyelala peke yake, na huyo huzungukwa kwa mbali, upande ambao upepo unampelekea habari mapema, kwa kuwa nyati aliyeonywa hujiondokea na aliyeshtukizwa hushambulia. Mzunguko mzuri una njia za kuukata katikati kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kilomita ya mwisho hutembewa. Hapo farasi ameshajua yuko wapi, na hamu ya kukimbia ni kubwa, lakini anayeruhusiwa kukimbilia nyumbani leo atakimbia kila siku. Kuna sababu ya mwili pia. Farasi hujipoza kwa jasho kama binadamu, anaweza kupoteza lita 10 na zaidi kwa saa moja ya kazi ngumu, na anapaswa kufika zizini akiwa amekauka. Saisi huweka vidole chini ya taya, kwenye mshipa wa damu. Farasi aliyepumzika ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya safari, yakiwa bado juu ya 60 dakika 15 baada ya kushuka, kuna tatizo. Hunyweshwa, humwagiwa maji miguuni na kifuani, kisha hurudishiwa majani. Chakula hakicheleweshwi wala hakitolewi kingi kwa mpigo: tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, limeumbwa kwa kula kidogo kidogo siku nzima, na farasi hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo huua farasi wengi kuliko nyati.

Kwingineko Afrika Mashariki ramani ni ile ile: farasi yuko juu, au pale inzi alipoondolewa. Kenya inao Laikipia, Naivasha, vilima vya Chyulu na Maasai Mara. Mbio za farasi zilianza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20 na uwanja wa Ngong unatumika tangu 1954, kwa hiyo nchi hiyo haijawahi kukosa masaisi, wachonga kwato na madaktari wa farasi. Tanzania inayo miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ambako njia hupita katika mashamba ya kahawa kabla ya kushuka nyikani. Unguja ni kisa cha pekee. Kati ya 1994 na 1997 mamilioni ya mbung'o madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kisiwani kwa ndege. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja katika maisha yake, na aliyekutana na dume tasa hakuzaa. Inzi wakaisha kisiwa kizima, bila kukata msitu wala kumpiga risasi mnyama yeyote.

Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu bahari ilizuia wengine wasirudi. Kisangani haina bahari. Mji umeshikwa kati ya mto Kongo, Tshopo na Lindi, na mbung'o wa eneo hilo ni wale wa kingo za mito, wenye makazi yasiyokatika kwa mamia ya kilomita. Hata inzi wakidhibitiwa kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, ambayo hupunguza idadi yao vizuri, yangebaki matatizo mengine. Mji uko mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na hupata mvua inayozidi milimita 1,700 kwa mwaka. Jasho halikauki katika hewa iliyoshiba maji, na jasho lisilokauka halipozi. Visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, hueneza ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika unaoweza kuua 9 kati ya 10 wasiochanjwa. Kwato hulainika kwa tope la mwaka mzima. Nyasi ni ndefu na nyingi, lakini majani makavu ya kuhifadhi ni shida pale ambapo jua halipewi siku tatu mfululizo, na farasi mmoja anataka kilo 8 hadi 10 kwa siku.

Haimaanishi kwamba Kongo haina farasi. Kinshasa na Lubumbashi zina vilabu vya wapanda farasi tangu zamani. Lubumbashi imesaidiwa na kimo cha mita 1,200 na kiangazi kirefu. Kinshasa kuna joto na unyevu, na farasi wake huishi kwa uangalizi wa daktari na mabanda safi, maisha ya mgonjwa tajiri. Zizi la namna hiyo linawezekana popote penye fedha. Safari ya kutoka zizini kwenda kando ya mto, penye kivuli na inzi, ndiyo inayogharimu mnyama.

Kwa hiyo mzunguko wa mashambani huko Kapalata huendeshwa na mnyama wa chuma. Baiskeli za abiria za Kisangani huitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite, na zilienea miaka ya 1990 wakati magari na mafuta vilipokuwa haba. Nyuma, juu ya kibebeo, hufungwa kiti cha sponji kilichoshonewa kitambaa, na kwa abiria pia kuna pa kukanyaga na pa kushika, vikuku na hatamu zake. Pikipiki zimewanyang'anya waendeshaji hao abiria wengi wa mjini. Vijia vya mashambani bado ni vyao. Asubuhi toleka hutoka na abiria au na sabuni na chumvi, huzunguka kijiji hadi kijiji, na jioni hurudi kwa njia nyingine ikiwa na mafungu ya sombe, yaani majani ya mihogo, mikungu ya ndizi za kupika na gunia la makaa lililofungwa kwa mpira. Kilimani mwendeshaji hushuka na kuisukuma, bega likiwa kwenye gunia. Mnyororo hutiwa tone la mawese. Mbung'o akitokea kijitoni, inayopigwa kibao ni shingo ya mwendeshaji.